Msiseme hana roho, presha inaanzia kwenye macho

Kuna lawama moja imenichosha kwenye viwanja vyetu vya mpira vya huku Arua, Uganda. Mtu akikosa penati, hana roho, yaani hana ujasiri. Straika akibaki na kipa wawili tu akapiga nje, hana roho. Beki ambaye msimu mzima hajakosea akipokea mpira dakika ya 90 akampasia adui, huyo naye hana roho, na wale waliobeti wanaongeza na yao kwamba kijana kapewa kitu kidogo. Mimi nafundisha vijana mpira jioni na hii mambo ya presha naifuatilia sana, nasoma kila nachopata, naangalia mechi mpaka usiku wa manane, na leo nataka niandike kwa urefu manake naona tunawaumiza watoto wa watu kwa kitu ambacho hatujakaa chini tukakielewa.

Mchezaji aliyeiva hapotezi ufundi wake kwa dakika moja. Ufundi wa miaka yote hiyo hauwezi kutoka mwilini kati ya filimbi na mguu kugusa mpira. Kinachobadilika ni macho yake yanaangalia wapi, mawazo yake yako wapi, na anajipa muda gani kabla ya kuamua. Hivyo vitatu vikiharibika uamuzi unaharibika, alafu miguu inatii tu ule uamuzi mbovu.

Tuanze na Kololo, ule uwanja wa Kampala, manake hiyo kila mtu Uganda anaikumbuka. Tarehe 26 Machi 2017 mbio za nyika za dunia zilikuja Kampala, na siku hiyo Jacob Kiplimo, kijana wa miaka 16 tu, alishinda mbio za vijana, watu wakapagawa kabisa. Alafu wakaja wanaume wakubwa, Joshua Cheptegei wetu ana miaka 20, akawatoroka Wakenya na Waethiopia wote, anaingia mzunguko wa mwisho yuko peke yake mbele, uwanja unalia, na hapo mwili ukagoma. Akaanza kuyumba, Geoffrey Kamworor akampita, wakampita wengine, mmoja mmoja, mpaka akamaliza wa 30. Watu walilia siku ile, nawaambia. Na kesho yake mitaani ikawa ni maneno tu, oh mtoto bado, oh hana roho.

Sasa fikiria vizuri. Mtu asiye na roho hatoroki kundi la Kamworor. Miguu ilikufa, ndiyo, jua lilikuwepo na spidi ilikuwa kali, ila mimi nikiangalia ile mbio naona uamuzi ulioleta kifo cha miguu ulifanyika mapema zaidi, pale alipochagua kuendelea kusukuma wakati tayari ana nafasi kubwa. Mkimbiaji mzoefu ana kipimo chake ndani, mwili unamwambia kila dakika kwamba spidi hii itakufikisha au haitakufikisha. Ukiwa nyumbani, watu wako wote wanakuitia jina lako kutoka kila upande, kile kipimo kinapiga kelele lakini hukisikii. Hiyo ni tafsiri yangu na naisimamia.

Na angalia kilichofuata. Miezi michache baadaye, London, Cheptegei alichukua fedha ya mita 10,000 nyuma ya Mo Farah. Mwaka 2019 mbio zile zile za nyika zikaenda Aarhus, Denmark, njia ngumu mpaka wanapanda juu ya paa la jumba la makumbusho, na safari hii alishinda, Kiplimo wa pili, Kamworor mwenyewe wa tatu. Nani alimpa roho katikati hapo? Hakuna. Alijifunza kuamua akiwa ndani ya moto.

Turudi kwenye macho, manake hapo ndo kuna vitu watu wengi hawajui.

Mama mmoja mtafiti wa Canada, Joan Vickers, alianza zamani kuwavalisha wachezaji vifaa vya kufuatilia jicho linaangalia wapi. Akakuta wale wazuri wa kurusha mitupo huru kwenye basketi, kabla tu ya kurusha, jicho linatulia sehemu moja ya ringi, linakaa pale kidogo, ndo mkono unatoka. Wale wa kawaida jicho linaruka ruka. Alafu watafiti wengine Uingereza wakaja wakaongeza presha juu yake, wakakuta mtu yule yule mzuri, ukimtia wasiwasi, ule muda wa jicho kutulia unapungua, na mitupo inaanza kukosa. Kwenye penati za mpira wa miguu ni hivyo hivyo, mpigaji mwenye wasiwasi anamwangalia kipa mapema zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na mpira unaenda pale pale alipoangalia, yaani karibu na kipa. Kipa ndo kitu cha kuogopwa, na macho ya binadamu yanapenda kukaa kwenye kitu cha kuogopwa. Kona ya goli haitishi mtu, kwa hiyo haipati macho.

Mimi nilipoielewa hii niliacha kabisa kuwaambia vijana "usimwangalie kipa". Ukimwambia mtu usimwangalie kipa umeshamtajia kipa. Nawaambia chagua sehemu ya wavu, itazame, kaa nayo. Na msiniambie muda hautoshi, netiboli sheria inampa mfungaji sekunde 3 tu aachie mpira, na She Cranes wetu, timu ya taifa ya netiboli, walimaliza wa 5 duniani mwaka 2023 kule Cape Town wakiwa ndani ya sheria hiyo hiyo. Ndani ya sekunde 3 jicho linapata mahali pa kutulia vizuri tu.

Penati sasa. Wakubwa mtakumbuka tarehe 2 Julai 2010, Johannesburg, Kombe la Dunia, Ghana na Uruguay, bibanda vyote vya kuonyesha mpira vimejaa mpaka watu wamesimama nje wanachungulia dirishani, Afrika nzima ni Ghana siku hiyo. Dakika ya mwisho kabisa ya nyongeza Luis Suárez anaokoa mpira kwa mkono kwenye laini, kadi nyekundu, penati. Asamoah Gyan anapiga, mwamba. Mechi ikaenda kwenye mikwaju na Uruguay wakashinda 4-2. Watu wanasimulia mpaka hapo wanaacha, mimi nataka tuangalie sehemu mbili zinazosahaulika. Ya kwanza, Gyan alikuwa ameshafunga penati mbili kwenye Kombe lile lile, dhidi ya Serbia na dhidi ya Australia. Ya pili, dakika chache tu baada ya kugonga mwamba alitoka wa kwanza kupiga mkwaju wa Ghana, na akaupeleka juu kabisa kwenye kona, kipa hana la kufanya. Mguu ule ule, kipa yule yule, usiku ule ule! Kwa hiyo hiyo hadithi ya roho inaingia wapi hapa? Mkwaju mmoja ulibeba bara zima, mwingine haukubeba mzigo kama ule.

Kuna Mnorwei anaitwa Geir Jordet ambaye amekaa miaka anaangalia video za mikwaju ya mashindano makubwa. Akagundua kitu kinachonikosesha usingizi mimi kama kocha. Mkwaju ambao mchezaji akifunga timu inashinda papo hapo unaingia kama mara 92 kwa 100. Mkwaju ambao akikosa timu imekwisha unaingia kama mara 62 tu. Wachezaji wa kiwango kile kile, umbali ni ule ule, kilichobadilika ni kichwani, huyu anaenda kuchukua kitu na yule anaenda kukwepa kitu. Na wale wanaoenda kukwepa wana dalili, wanageuza mgongo kwa kipa wakirudi nyuma kuchukua mbio, na refa akipuliza tu wanakimbilia mpira hapo hapo hata pumzi hawajavuta. Wanataka iishe. Hiyo haraka inaweza kuonekana kama kujiamini kwa mtu wa jukwaani, kumbe kijana anakimbia.

Oktoba 2012 uwanjani Namboole, Uganda na Zambia, mnaikumbuka? Zambia walikuja wakiwa mabingwa wa Afrika, wametufunga 1-0 kwao Ndola, sisi tukawafunga 1-0 nyumbani, mikwaju ikaenda mpaka 9-8 kwa Zambia na ndoto ya kwenda AFCON ikasubiri tena, na tulikuwa tumeshasubiri tangu 1978. Sitaji jina la aliyekosa, ametajwa vya kutosha. Nasema tu hivi, mkwaju wa namna ile, watu wamejaa uwanjani, miaka zaidi ya 30 imekaa juu ya bega lako, hiyo ndo ile ya kukwepa, na hakuna kocha wa mtaani wala wa taifa aliyekuwa anafanyisha watu mazoezi ya kutembea peke yao kutoka katikati ya uwanja mpaka kwenye nukta ya penati. Tulikuwa tunafanyisha kupiga tu.

Na makipa msiwasahau, wao pia presha inawachagulia. Watafiti wa Israeli, Michael Bar-Eli na wenzake, walichambua penati 286 za ligi na mashindano makubwa. Makipa waliruka upande mmoja karibu mara 94 kwa 100, wakati karibu penati 29 kwa 100 zilikuja katikati, na mara chache walizobaki wamesimama waliokoa theluthi moja, wakiruka wanaokoa kama 13 au 14 kwa 100 tu. Hawa ni makipa wa kulipwa, hesabu hii mwilini wanayo. Sasa kwa nini wanaruka? Kwa sababu kipa akiruka kulia mpira ukaenda kushoto watu wanasema amejaribu, akisimama katikati mpira ukaingia kona, maskini, watamla mzima. Presha inakusukuma ufanye kitu kinachoonekana. Naiona kwa viungo pia, timu inaongoza, zimebaki dakika tano, kiungo mzuri kabisa anatakiwa tu kushika mpira na kurudisha nyuma, lakini watu wanapiga kelele mbele mbele mbele, anapiga mpira mrefu usio na mwenyewe, na jukwaa linampigia makofi kwa kosa.

Hapo nafika kwa makocha wenzangu na wazazi, na naomba mnivumilie manake hili linaniuma.

Sian Beilock na wenzake Marekani walichukua wachezaji wazoefu wa mpira wakawaambia wapite na mpira katikati ya koni. Mara ya kwanza wakiwa na kazi nyingine ya kusikiliza maneno kwenye spika pembeni, mara ya pili wakiambiwa wafuatilie ni upande gani wa mguu unagusa mpira. Ungedhani spika itawachanganya. Hapana, na spika walipita vizuri, walipoanza kufuatilia mguu wao wenyewe ndo wakawa wazito. Wanaojifunza ilikuwa kinyume, wao kufuatilia mguu kuliwasaidia. Ni kama mtu anayeshuka ngazi mbio, siku akianza kufikiria kila hatua mguu unaenda wapi ndo anajikwaa. Mchezaji aliyeiva kazi ya mguu ameshaikabidhi mwilini, presha inafanya aiombe irudi kichwani, na kichwa hakiwezi kuifanya kwa spidi ile.

Sasa sisi pembeni ya uwanja tunafanya nini? "Inua kichwa! Gusa na nje! Pasi kushoto! Usipige! Piga!" Kocha anapiga kelele Kiswahili, baba wa mtoto anapiga Kilugbara, mjomba Kinubi, na kijana aliyekuwa ameshaona pasi yake kabla hamjafungua mdomo anasita. Kusita ndo kumbe hasara yenyewe. Kuna utafiti mwingine wa Johnson na Raab, wachezaji wa mpira wa mikono waliangalia video, ikasimamishwa ghafla, wakaulizwa ungefanya nini, alafu wakaachiwa waongeze mawazo mengine. Lile wazo la kwanza kwa kawaida lilikuwa bora kuliko yaliyofuata, kadri orodha ilivyorefuka ndivyo mawazo yalivyozidi kuwa dhaifu. Wanaongea juu ya watu waliocheza sana, siyo mtu aliyeanza juzi, lakini kwa mchezaji wa namna hiyo wazo la kwanza limebeba mechi zake zote. Ukimpigia kelele unampa wazo la tatu na la nne.

Kwa hiyo timu yangu mpira ukiwa unachezwa mimi nanyamaza. Watu wananiuliza, kocha unalala? Silali. Naongea mapumziko, naongea mpira ukitoka. Wazee wengine hawapendi, wanaona kocha asiyefoka hafanyi kazi, na nawaheshimu, lakini hapa sirudi nyuma.

Kwenye riadha uamuzi unachukua muda mrefu kidogo kwa hiyo unauona vizuri zaidi. Tokyo 2021, mita 10,000, Stephen Kissa wetu alitoka mbele mapema sana peke yake. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba mpango ulikuwa awe wa kuikaza mbio na wenzake wafuate, akageuka hakuna mtu. Hebu jiweke hapo! Mpango umevunjika, unaongoza fainali ya Olimpiki, unaamua nini? Aliendelea mpaka akatoka njiani. Mbio ilikuwa ya taratibu kule nyuma na Selemon Barega wa Ethiopia akawashinda kwa kasi ya mwisho, 27:43.22, Cheptegei fedha, Kiplimo shaba. Siku chache baadaye Cheptegei akachukua dhahabu ya mita 5,000. Na wiki hiyo hiyo Peruth Chemutai, miaka 22, kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Courtney Frerichs wa Marekani akachomoka na kufungua pengo, na huyu binti hakulipuka kumfukuza mara moja, alimla polepole, mzunguko wa mwisho akampita, 9:01.45, mwanamke wa kwanza Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki. Kusubiri huku unaona dhahabu inaondoka mbele yako, huo ni uamuzi mgumu kuliko kukimbia.

John Akii-Bua wetu naye, Olimpiki ya Munich 1972, alipewa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, kona zake kali, na kwa jinsi wanavyopangwa wapinzani wote unawaona mbele yako tangu mwanzo. Viunzi vya mita 400 vinataka hatua za hesabu, ukianza kufukuza watu hatua zinavunjika. Akakimbia 47.82, rekodi ya dunia, binadamu wa kwanza chini ya sekunde 48. Mimi kila nikiiwaza ile njia ya kwanza naona mtu aliyeweza kuacha macho yake kwenye kiunzi kinachofuata.

Na Paris 2024, mita 10,000, Cheptegei yule yule wa Kololo. Waethiopia watatu wanapokezana kuvuta mbele kwa spidi ya kutisha, na yeye hana haraka, anakaa kundini, karibu na kengele ya mzunguko wa mwisho ndo anaenda. 26:43.14, rekodi ya Olimpiki, ile ya Kenenisa Bekele ya 2008 ikavunjwa kwa zaidi ya sekunde 18.

Mtu ataniuliza, sasa hii presha inafundishika? Mimi naamini ndiyo, kwa kiasi. Uholanzi Raôul Oudejans alifanya kazi na polisi, kundi moja likafanya mazoezi ya kulenga makaratasi, lingine likalenga watu wanaowarudishia risasi za sabuni ya rangi. Mwanzoni wote shabaha yao iliharibika mbele ya mtu anayerudisha, baada ya mazoezi wale waliozoea kurudishiwa wakalenga vizuri hata chini ya presha, wale wa makaratasi bado wakaharibu. Presha yenyewe haikuondoka, walizoea kuamua ikiwepo.

Kwetu hatuna sabuni wala spika, tuna vumbi na watoto wengi wa mtaani wanaopenda kupiga kelele, na hao wanatosha kabisa. Penati tunapiga mwisho wa mazoezi watu wamechoka, kijana anatoka katikati ya uwanja peke yake, wale watoto wako nyuma ya goli wanamzomea kwa lugha zote, akikosa timu nzima inabaki kukusanya koni na kubeba magoli. Kabla hajaanza kutembea ameshachagua sehemu yake ya wavu na haruhusiwi kubadilisha. Filimbi ikilia anavuta pumzi kwanza. Na kwenye mechi ya mazoezi nawapangia hali, mnaongoza moja bila, zimebaki dakika nne, mko kumi, haya amueni wenyewe. Refa nampa ruhusa aonee timu moja, manake siku moja wataonewa kweli.

Hii nafanya kwa wakubwa tu. Wale wadogo wa chini ya miaka 12 siwagusi na hayo, wazazi wawili watatu wamekuja kuniomba niwakaze mapema wawe na roho, nimekataa. Mtoto bado hana ule ufundi uliokaa mwilini ambao presha inaweza kuupima, ukimzomea unampa woga wa kipa na hajajua hata kupiga mpira. Aje acheze, akosee penati zake acheke, akifika umri tutakutana kwenye nukta.